Aliyezomewa na Watu Aliowapigania: Sylvia Rivera na Vita ya Herufi T

Leo tunaweka pembeni kidogo habari za nani kaachana na nani mjini, tunaingia history. Usikimbie, mimi mwenyewe history form four nilipata D, kwa hiyo tuko pamoja.

Yote yalianza na neno. Juzi kati nipo saluni nasubiri zamu, dada mmoja kamaliza kusukwa, mwenzake anamwangalia anamwambia "shosti umeslay". Baadaye kidogo wakahamia kwa mtu fulani aliyewatupia shade kwenye status. Nikakaa nikajiuliza, haya maneno yametoka wapi? Sisi tulikuwa na dongo letu, tulikuwa na mafumbo na mipasho ya taarab, sasa shade imeingiaje Sinza? Nikaanza kufuatilia. Bando la wiki likaisha ndani ya siku mbili, na nikajikuta nimetua Harlem, New York.

Huko Harlem kulikuwa na mashindano ya usiku, watu wanakodi ukumbi, wanavaa, wanatembea kama wako jukwaa la mitindo, majaji wanatoa alama na vikombe. Washiriki walikuwa weusi na Walatino, wengi mashoga na wanawake transjenda. Mwaka 1967 mrembo mmoja anaitwa Crystal LaBeija alishiriki mashindano ya urembo ya madragi kwini mjini New York, akaona kabisa majaji wanambeba mshiriki mzungu, akawaka mbele ya kamera, na ile hasira ipo kwenye filamu inaitwa The Queen ya mwaka 1968. Miaka michache baadaye akaanzisha nyumba yake, House of LaBeija. Nyumba maana yake familia. Kuna mama, kuna baba, na watoto ni vijana waliofukuzwa kwao.

Mwaka 1990 ikatoka filamu ya kweli inaitwa Paris Is Burning. Humo ndani kuna mzee wa jukwaa, Dorian Corey, amekaa anajipaka vipodozi taratibu, anaeleza tofauti ya kumchamba mtu na kumtupia shade. Kuchamba ni kumwambia mtu kasoro yake usoni. Shade ni ile humwambii kitu, ila anajua. Nilicheka peke yangu usiku, maana bibi yangu wa Tanga angemwelewa yule mzee bila mkalimani. Mwaka huohuo Madonna akatoa Vogue, staili yao ya kudansi ikazunguka dunia nzima, hela ikaenda inakokwendaga. Mmoja wa waliorekodiwa kwenye ile filamu, Venus Xtravaganza, mwanamke transjenda aliyekuwa anaota kuishi maisha ya kawaida tu na mume, aliuawa Desemba 1988 kabla filamu haijakamilika. Aliyemuua hajajulikana.

Nilichogundua ni kwamba ndani ya ule ukumbi wote walikuwa kitu kimoja. Nje ya ukumbi ilikuwa habari nyingine kabisa.

Kwanza tuwekane sawa kwenye maneno, maana huku kwetu kila kitu tunakitupa kwenye kapu la "shoga". Na hilo neno lenyewe lina mambo yake. Pwani mwanamke alimwita rafiki yake wa kike shoga, na hakuna aliyeshtuka. Ndiko hata shosti ilikotokea. Leo neno limehama, ukilitamka kwenye daladala watu wanageuka. Sasa shoga kwa maana ya siku hizi ni mwanaume anayependa wanaume. Hilo ni suala la unampenda nani. Transjenda ni mtu aliyezaliwa akaandikwa mwanaume lakini anajitambua na kuishi kama mwanamke, au kinyume chake. Hilo ni suala la wewe ni nani. Transjenda anaweza kupenda wanaume, anaweza kupenda wanawake, kama mtu mwingine yeyote. Ni maswali mawili tofauti.

Kama ni tofauti, kwa nini wakawa kundi moja? Jibu langu mimi, na unaweza kunibishia, ni kwamba waliounganishwa na polisi.

Angalia New York. Kulikuwa na sheria ya mwaka 1845 ya kukataza watu kujificha sura hadharani. Ilitungwa kwa ajili ya wakulima waliokuwa wanavaa mavazi ya kujigeuza wakigomea kodi ya mashamba. Wakulima wakaisha, sheria ikabaki. Zaidi ya miaka mia baadaye polisi wanaitumia kumkamata mwanaume aliyevaa gauni au mwanamke aliyevaa suti. Askari akiingia baa hakuwa anauliza "samahani, wewe ni shoga au transjenda?". Karandinga lilikuwa moja, rungu moja, selo moja. Ukilala selo moja na mtu, mnakuwa ndugu hata kama hamfanani.

Na wa kwanza kuchoka walikuwa wale wanaoonekana. Shoga aliyevaa suti na tai anaweza kupita mbele ya askari akaendelea na safari. Mwanamke transjenda wa mwaka 1966 hana pa kujificha. Agosti ya mwaka huo, San Francisco, mtaa wa Tenderloin, kulikuwa na mgahawa wa saa ishirini na nne unaitwa Compton's. Wanawake transjenda, wengi wakiishi kwa kujiuza maana hakuna aliyewaajiri, walikuwa wanakaa pale usiku kwa kikombe kimoja cha kahawa. Uongozi ukawa unawaitia polisi. Usiku mmoja askari akamshika mmoja wao, yule akamrushia kahawa ya moto usoni. Vikaruka vyombo, viti, mikoba mizito, vioo vikapasuka, nje gari la polisi likaharibiwa. Ni karibu miaka mitatu kabla ya Stonewall. Lakini tukio likasahaulika kabisa mpaka mwanahistoria Susan Stryker, naye mwanamke transjenda, alipolifukua na kulitengenezea filamu mwaka 2005. Yaani watu wanapindua meza mwaka 1966, wanaandikwa vizuri miaka karibu arobaini baadaye.

Stonewall ndiyo inayojulikana. Usiku wa kuamkia Juni 28, 1969, baa ya Stonewall Inn, mtaa wa Christopher, New York. Baa yenyewe ilikuwa ya mafia, pombe imechakachuliwa. Polisi wakavamia kama kawaida yao, ila safari hii watu hawakutawanyika. Vurugu zikaendelea siku kadhaa. Mwaka uliofuata wakaandamana kukumbuka, na hayo maandamano ya Juni mnayoyaona Ulaya na Marekani kila mwaka chanzo chake ni hapo.

Hapa nataka niue uongo mmoja wa mtandaoni. Utaona kila mwaka mtu anapost kwamba Marsha P. Johnson ndiye aliyerusha tofali la kwanza. Marsha mwenyewe alisema kwenye mahojiano kwamba alifika kama saa nane usiku, vurugu zimeshaanza. Na rafiki yake Sylvia Rivera, ndiye wetu wa leo, wanahistoria wanabishana mpaka kesho kama alikuwepo usiku ule wa kwanza. Mimi naona hata haina haja ya kugombania tofali. Alichofanya Sylvia baada ya hapo kinatosha.

Sylvia alizaliwa New York mwaka 1951, baba Mpuertoriko, mama mwenye asili ya Venezuela. Baba akaondoka. Mama akajiua Sylvia akiwa na miaka mitatu. Akalelewa na bibi, na bibi alikuwa hapendi kumwona yule mtoto wa kiume anajipaka vipodozi. Alipofika miaka kumi, kumi na moja hivi, akatoroka, akaishia mtaa wa 42, akijiuza. Mtoto wa darasa la tano huyo. Waliompokea ni madragi wa mtaani, wao ndio waliompa jina la Sylvia.

Baada ya Stonewall vyama vikaanza kuota kama uyoga. Sylvia akajiunga na kampeni ya kutaka sheria ya jiji la New York izuie watu kufukuzwa kazi na nyumba kwa sababu ni mashoga. Akazunguka mtaa wa 42 kukusanya sahihi, akakamatwa huko huko. Alikuwa na miaka kumi na nane.

Mwaka 1970 yeye na Marsha wakaanzisha kikundi chao, STAR, kwa ajili ya vijana wa mtaani. Wakaanza na tela la lori lililoegeshwa, baadaye wakapata nyumba mbovu East 2nd Street. Sasa sikiliza hapa. Sylvia alikuwa na miaka kumi na tisa, Marsha ishirini na tano. Wao wawili walikuwa wanaenda kujiuza usiku ili walipe kodi na kununua chakula, kusudi wale watoto wasilazimike kujiuza. Mwaka 1971 wakatolewa kwenye ile nyumba. Nimesoma historia za mashujaa wengi, wenye sanamu na noti zenye picha zao, sijaona sana waliofanya kitu kama hicho.

Halafu ikaja Juni 24, 1973.

Maandamano ya mwaka wa nne, kilele chake bustani ya Washington Square. Harakati zimekua, zinataka kuonekana za heshima. Wanaotaka sheria zipite wanataka kumwonyesha mbunge kijana msafi, msomi, mwenye kazi, kwamba "sisi ni kama nyinyi". Sasa kwenye picha hiyo, dada mrefu mwenye ndevu zinazochungulia chini ya poda, asiye na makazi, anaharibu picha. Halafu upande mwingine kulikuwa na baadhi ya wanawake wasagaji wa mrengo wa kifeministi waliokuwa wanaona mwanaume akivaa kike ni kumdhihaki mwanamke, kama mzungu anayejipaka masizi usoni kumwigiza mtu mweusi.

Sylvia hakuwa kwenye ratiba. Akapigana mpaka akapanda jukwaani. Akashika kipaza sauti, na umati ukaanza kumzomea. Video ipo, unaweza kuitafuta, ila andaa moyo. Sauti imemkauka, anawaambia kuhusu wenzao walioko jela ambao wanamwandikia barua yeye na siyo vyama vikubwa. Anawaambia amepigwa, amevunjwa pua, amefungwa, amepoteza kazi na makazi kwa ajili ya harakati hizi, halafu wao wanamtendea hivi? Kuna wanaopiga makofi, kuna wanaozomea. Akashuka. Akapanda Jean O'Leary, kiongozi wa kundi la wasagaji, akasoma tamko la kuwapinga madragi. Kisha akapanda Lee Brewster, dragi, akawajibu kwa hasira kwamba mnasherehekea leo kwa sababu ya waliyofanya madragi, halafu mnawafukuza. Ikawa inaelekea kuwa vita ya wenyewe kwa wenyewe, mpaka msanii Bette Midler alipopanda kuimba watu wapoe.

Sylvia akaenda nyumbani akajaribu kujiua. Marsha ndiye aliyemwahi. Baada ya hapo Sylvia akaacha harakati, akahama jiji, akaishi Tarrytown akifanya kazi za jikoni. Miaka karibu ishirini. O'Leary, miaka mingi baadaye, alikiri hadharani kwamba anajutia msimamo ule.

Sasa mwaka huohuo 1973 kulitokea jambo lingine ambalo mimi naona ndilo lililochora mstari. Desemba, chama cha madaktari wa magonjwa ya akili Marekani kilipiga kura kuondoa ushoga kwenye orodha ya magonjwa ya akili. Ushindi mkubwa. Lakini toleo jipya la orodha hiyohiyo lilipotoka mwaka 1980, likaingiza hali ya transjenda kama ugonjwa. Mlango mmoja umefunguliwa, mwingine umeandikwa jina. Na ukiangalia vizuri utaona kwa nini njia ziliachana. Shoga alikuwa anamwambia daktari "niache, siumwi". Transjenda alikuwa anamhitaji daktari, kwa homoni au upasuaji, na daktari hatoi bila cheti kinachosema unaumwa. Kwa hiyo mmoja anapiga kelele atoke hospitali, mwingine anapiga hodi aingie. Kuwaweka kwenye bango moja inataka uvumilivu. Shirika la Afya Duniani lilikuja kuhamisha suala la transjenda kutoka orodha ya magonjwa ya akili mwaka 2019, juzi tu hapa.

Herufi zenyewe zimekuja polepole. Miaka ya 1970 neno lilikuwa moja, gay, linabeba kila mtu kama mkokoteni. Baadaye wasagaji wakadai herufi yao, wapenzi wa jinsia zote wakadai yao, na miaka ya 1990 T ikaingia. Ila kuingia kwenye jina siyo kuingia kwenye mkataba.

Mwaka 1992 Marsha alikutwa amekufa, mwili ukielea mto Hudson. Polisi wakasema kajiua, rafiki zake wakakataa, na faili likafunguliwa upya mwaka 2012. Sylvia akarudi New York, akalala kwenye gati pembeni ya mto huohuo. Mwaka 1994, Stonewall ikitimiza miaka 25, wakampa nafasi ya heshima kwenye maandamano. Heshima, halafu usiku anarudi gatini. Baadaye akapata makazi Brooklyn kwenye nyumba ya wanawake transjenda, akawa anahudumia chakula cha maskini kanisani.

Februari 2002 ini limeshaliwa na kansa, yuko kitandani hospitali. Bunge la jimbo la New York lilikuwa na muswada wa kulinda mashoga kazini na kwenye nyumba, muswada uliosubiri tangu mwaka 1971. Transjenda hawamo. Viongozi wa chama kilichousimamia wakamfuata hospitali, na yule mama, anakufa, anawabana juu ya T. Akafariki Februari 19, umri miaka hamsini. Desemba mwaka huohuo muswada ukapita. Bila T. Sheria ya kuwalinda transjenda jimbo zima ilisainiwa Januari 2019. Hesabu mwenyewe hiyo miaka.

Na usidhani ni New York tu. Mwaka 2007 bunge la Marekani lilipokuwa na muswada kama huo wa nchi nzima, mbunge Barney Frank, shoga aliyejitangaza, aliona kura hazitoshi, akaitoa T ili L, G na B wapite. Hoja yake ilikuwa nusu mkate ni bora kuliko njaa. Ukipima kisiasa ina mantiki, sikatai. Vyama zaidi ya 300 vilimpinga vikisema wote au basi, ila chama kikubwa kuliko vyote kikakubaliana naye. Ukapita kura 235 kwa 184, na haukufika popote, haukuwa sheria. Yaani walimtupa mwenzao baharini na meli ikazama vilevile. Uingereza nako, shirika kubwa la haki za mashoga linaitwa Stonewall, limeanzishwa mwaka 1989, limebeba jina la ile baa kabisa, lakini lilianza kuwatetea transjenda mwaka 2015.

Kilichowarudisha pamoja ni mahakama. Juni 2020 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa uamuzi mmoja kwa kesi tatu, wanaume wawili mashoga na mwanamke mmoja transjenda, Aimee Stephens, aliyefukuzwa kazi kwenye kampuni ya mazishi. Majaji sita kwa watatu wakasema ukimfukuza mtu kwa mojawapo ya sababu hizo, umemfukuza kwa sababu ya jinsia yake. Sentensi moja ikawabeba wote. Aimee alikuwa amefariki mwezi mmoja nyuma.

Kwa majirani zetu Kenya kuna kesi ya Audrey Mbugua. Mwaka 2014 Mahakama Kuu Nairobi iliamuru baraza la mitihani limpe cheti kipya cha sekondari chenye jina lake la sasa na kisicho na alama ya jinsia. Kesi ile haikuwa ya mapenzi wala ya nani analala na nani. Ilikuwa ya cheti, maana bila karatasi inayofanana na sura yako hakuna ajira. Mimi mwenye cheti changu cha D za kutosha naelewa uzito wa karatasi.

Turudi mtaa wa Christopher, nimalizie. Mwaka 2016 ile baa na bustani yake vilitangazwa mnara wa taifa. Februari 2025, serikali ya Trump ikiwa madarakani wiki chache tu, tovuti ya serikali ya mnara huo ikafutwa neno transjenda. Herufi T ikaondolewa, wakabaki LGB. Siku iliyofuata watu mamia walijaa pale bustanini wakiwa na mabango ya Sylvia na Marsha, na safari hii hawakuwa transjenda peke yao, mashoga wazee na wasagaji wazee walikuwemo.

Dakika chache kwa mguu kutoka pale, ukishuka kuelekea mtoni, Christopher inapokutana na Hudson, kuna kibao cha mtaa kilichowekwa mwaka 2005. Kimeandikwa Sylvia Rivera Way. Ukiendelea mbele unafika kwenye gati alikokuwa analala.